Saadani ya siku moja: boti ya Wami nyota tano, pakeji nyota mbili

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asimalize bando lake bure. Kama uko Bagamoyo na una siku moja ya kwenda kuona wanyama, nenda Saadani, panda boti ya mto Wami, mchana kula kijijini, na usilipie pakeji ya mtu yeyote kabla hujamuuliza: gari gani, chakula gani, maji ya kunywa yapo? Nyota tano ni za mto na za askari wa hifadhi aliyetuongoza. Nyota mbili ni za kampuni iliyotupeleka. Jina silitaji, maana mwenyewe ni kijana wa mtaani kwetu na mama yake ni mteja wangu. Akisoma atajijua.

Mie nauza samaki wa kukaanga, na msimu ukiruhusu nauza kamba wa baharini. Sisi akina mama wa kikoba tuliamua safari hii tukivunja tusigawane hela yote, kidogo tukatembelee. Wengi tumezaliwa hapa hapa Bagamoyo, wageni wanatoka Ulaya kuja kuiona Saadani, sisi tunaisoma kwenye vibao vya barabarani. Bi Mwenyekiti akasema aibu hii iishe. Akachagua na sare: kitenge cha bluu iliyokoza, maua meusi. Tulipendeza, sikatai. Hiyo rangi tutaizungumza.

Tangazo lilikuja WhatsApp, elfu themanini kwa kichwa, kila kitu ndani. Picha ya simba, tembo, nyati, chui na faru, chini imeandikwa "wakubwa watano ndani ya siku moja". Sasa, Saadani hakuna faru. Faru wa ukanda wetu huu wanalindwa Mkomazi, huko juu upande wa Same na Lushoto, tena ndani ya uzio wao maalumu. Bi Mwenyekiti alipomuuliza askari faru wanakaa upande gani, yule baba alicheka mpaka akashika kofia yake, kisha akamjibu kwa adabu, "Mama, huyo mmeuziwa kwenye simu."

Gari tuliahidiwa la kufunguka juu. Alfajiri ikaja Coaster. Coaster sina ugomvi nayo, imetupeleka harusini na misibani, lakini porini ni mateso. Vioo vina mikwaruzo, viwili havishuki, na twiga akitokea kushoto waliokaa kulia wanatazama visogo vya wenzao. Tulipopita Makurunge barabara ikaanza kutuchekecha vizuri, na huo ulikuwa wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi hauna msamaha, usiende na gari la chini.

Langoni hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na kampuni yetu ilikuwa haijalipa kitu, kwa hiyo tulikaa chini ya mti huku kijana anapiga simu huku na huku. Wahudumu wa langoni walikuwa wastaarabu, wakatupa viti. Ada ya Mtanzania ni ndogo, usiogope, ila beba kitambulisho.

Mwenye kutaka kuona kundi kubwa la nyumbu aende Serengeti. Saadani ni kama kilomita za mraba 1,100, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na sifa yake ni kwamba pori linashuka mpaka bahari ya Hindi. Wanyama wapo ila hawakusubiri. Twiga tuliwaona wengi na wa karibu. Askari akatufundisha kutazama pembe: dume kwa juu zina upara kwa sababu ya kupigana, jike zina nywele. Tangu hapo Coaster nzima ikawa kazi yake kutaja jinsia ya twiga, na ubishi ulikuwa mkali. Kuro, wale swala wakubwa, nao wapo, ukimwona kwa nyuma ana duara jeupe matakoni, hata bibi mwenye macho mabovu hamkosei. Ngiri, tohe, nyani, tumbili. Tembo tuliona kinyesi kibichi na mti ulioegemewa. Simba hatukumwona, na sidai simba.

Mbung'o ndio walituona sisi. Hawa wadudu wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na vyeusi unavyoviona vimetundikwa porini ni mitego yao. Na sisi tumeingia tumevaa mtego, kikoba kizima! Wanauma juu ya nguo, na kofi moja halimtoshi. Kijana wa kampuni aliiona sare yetu tangu siku ya kulipa malipo ya mwanzo, alitusifia kabisa. Sentensi moja tu ingetuokoa: akina mama, vaeni kaki. Askari alitusimulia kwamba upande wa Mkwaja kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, wakapambana na ugonjwa unaoletwa na mbung'o kwa miaka, mwisho ranchi ikafungwa mwaka 2000 na eneo lake likaingia hifadhini. Nikasema moyoni, kama walimshinda tajiri mwenye madawa, sembuse mie na khanga ya kupepea.

Sasa mto.

Boti ni ya injini, ina kivuli, na askari hakuiwasha mpaka amekagua boya la kila mmoja, hata la Bi Mwenyekiti aliyetaka kulivaa chini ya mtandio ili picha zitoke vizuri. Maji ya Wami ni ya udongo, yanatoka mbali, Dodoma na milima ya Ukaguru. Tukashuka nayo taratibu kuelekea baharini. Kwenye kona akazima injini, akanyoosha kidole, sisi tunaona maji matupu. Kwanza yakatoka masikio, madogo, yanatikiswa kuondoa maji. Halafu macho. Halafu pua, na hapo ndipo nilipojua kwamba sijawahi kumtazama kiboko: matundu yanafunguka, anatoa pumzi na mvuke unaruka, halafu yanajifunga kama kifungo cha pochi, anazama. Tukahesabu vichwa tukashindwa, kila ukihesabu mmoja anapotea. Dume mmoja alikuwa ametoka nusu kwenye tope, mgongoni ana makovu marefu ya meno ya wenzake, na ngozi ya shingoni ina uwekundu unaong'aa. Askari akasema si damu, ni majimaji ya ngozi yake ya kumkinga na jua. Mchana wanajificha majini, usiku wanatoka kula majani. Boti haikuwasogelea. Aliacha nafasi na akatueleza sababu: kiboko akiona umemzibia njia ya kwenda maji yenye kina, hakubembelezi.

Mamba walikuwa ukingoni, mdomo wazi. Jirani yangu akanong'ona, "Huyu ana njaa." Kumbe anapunguza joto. Furukombe alikuwa juu ya mti anapiga kelele zake, mdiria wa bluu wanakatiza mbele ya boti.

Kadiri tunavyoshuka, miti ikageuka mikoko, na hapo askari akanifundisha biashara yangu mwenyewe. Kamba wazuri wanatoka baharini mbele ya Wami, hilo nalijua, nawanunua kila msimu. Sababu sikuwahi kuijua. Kamba anataga baharini, lakini watoto wake wakiwa wadogo sana wanaingia huku kwenye mikoko, wanakulia kwenye mizizi na maji ya chumvi kidogo, wakipata nguvu wanarudi nje. Mikoko ikikatwa kwa mkaa na nguzo, ni ndoo yangu inayokatwa. Nilimwuliza maswali mpaka wenzangu wakaniambia nimwache baba wa watu apumue. Akasogeza boti chini ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, akatuambia tulambe jani bila kulichuma. Chumvi kabisa! Ule mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwenye majani. Mlilana, mkoko mwingine, umesimama mbele yake, miguu majini.

Karibu na mlango wa mto mkizi wakaanza kuruka. Mmoja akaruka vibaya, akatua ndani ya boti, kwenye miguu ya Bi Mwenyekiti. Boti nzima tukapiga kelele pamoja: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi! Nilimshika mie, kwa mazoea, kidole kwenye shavu. Mnene, jicho angavu, wa kukaangwa na ndimu tu. Askari akatabasamu na kunyoosha mkono kuelekea majini. Hifadhini hutoi kitu, hata kilichokufuata chenyewe. Nikamrudisha. Kama kuna jambo limeniuma siku ile kuliko mbung'o ni hilo.

Tukatoka na kushukuru, tena nilimpa askari mkono wa asante wa kweli, kwani alijua kazi yake na alijua kunyamaza. Nimeona waongozaji wanaoongea mpaka ndege wanahama.

Chakula. Ndani ya boksi: chipsi zilizokaangwa usiku, zimelala, mafuta yameganda chini, paja la kuku jembamba, katikati limebaki jekundu, ndizi moja, juisi ya boksi ya moto. Mie nakaanga kwa riziki, najua mafuta yaliyopikiwa mara nyingi kwa harufu, na yale yalikuwa yamestaafu. Tulipofika kijiji cha Saadani tukamkuta mama lishe ana wali wa nazi, mchuzi wa samaki wenye bamia, na pilipili ya kusaga. Sufuria ilikuwa ndogo, tukagawana. Tungepiga simu jana yake angepika ya kututosha sote, kwa bei ambayo kijana wetu angebaki na faida.

Kijiji chenyewe kilistahili muda zaidi ya tuliopewa. Kampuni ilikipanga kama choo cha njiani: dakika chache, pandeni gari. Hapa ndipo kwa Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani wakati mmoja na Abushiri wa Pangani. Abushiri alinyongwa Desemba 1889, Bwana Heri akaendelea mpaka 1890. Hakuna aliyetutajia, si kijana, si karatasi yake ya ratiba. Aliyesimulia ni shoga yetu mmoja aliyewahi kufundisha shule ya msingi, amesimama kwenye mchanga ameshika viatu, na watoto wa wavuvi wakaja kumsikiliza. Zile picha za tembo anatembea ufukweni zipo mitandaoni; sisi tulikuta nyayo za ngiri, mashimo ya kaa na nyavu zimeanikwa. Wavuvi wanasema usiku wao huwasikia simba.

Kikoba tumeshakubaliana kurudi, kwa mpango wetu wenyewe. Boti tutaiomba kwa watu wa hifadhi moja kwa moja, na tutauliza maji yanajaa saa ngapi, kwani maji yakitoka mlango wa mto unakuwa na mafungu ya mchanga. Gari la kufunguka juu, hata kama ni mawili madogo. Nguo za rangi ya udongo. Na tutakwenda mpaka Madete, ambako kasa wanapanda ufukweni kutaga. Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili, kwa hiyo ni kuuliza kwanza viota viko wapi na vimefikia wapi.

Kijana ameturudishia hela ya chakula, elfu tano kwa kila mtu, bila kubishana. La gari anasema Coaster ilikuwa dharura. Bi Mwenyekiti amemwita kikaoni aje aeleze hiyo dharura mbele ya wote, na aje na lile tangazo la faru.