Frappe HR kwa mishahara ya Kenya: mfumo mzuri, usiuharakishe

Frappe HR ni programu huria ya rasilimali watu, hutumika mtandaoni, na kwa kampuni ndogo inatosha kabisa. Matatizo huanzia kwenye kuhamisha data. Excel hula sifuri ya mwanzo: 0722 hubaki 722, na akaunti ya benki ikipungukiwa tarakimu moja mshahara haufiki. Geuza safu hizo ziwe maandishi, kisha jaribu na wafanyakazi watano kwanza.

Makato ndiyo yenye mitego. SHIF (mchango wa bima ya afya ya jamii) ni 2.75% ya mshahara ghafi, lakini haishuki chini ya shilingi 300. Ukiandika fomula gross_pay * 0.0275 (mshahara ghafi mara 0.0275) bila sharti la kiwango hicho cha chini, anayelipwa 8,000 atakatwa 220. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba (1.5%) huondolewa kabla ya kukokotoa PAYE (kodi ya mshahara), kwa hiyo kiolezo cha zamani cha makato kitakupa kodi isiyo sahihi, tena kimyakimya. Mpangilio wa vipengele vya mshahara nao ni muhimu: kipengele kinachotegemea kingine kikae chini yake.

Salio la likizo haliji lenyewe. Liingize kwa kila mtu. Endesha mfumo wa zamani sambamba kwa miezi miwili, ukilinganisha hati za mshahara shilingi kwa shilingi.