Botobrashi hapa Mombasa: nyuki watakuja, ila angalia mwamba kwanza

Haya jamani, asalaam aleikum, habari zenu nyote. Leo bidhaa yetu si simu wala blenda, ni mti, ndio, mti, kwani si pesa pia umetoa? Ni huu hapa botobrashi, ule wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, mmeuona kwenye nasari za kando ya barabara Nyali mpaka Bamburi, na wengi mwaniuliza inbox kama wafaa pwani na kama kweli waita nyuki. Nyuki waja, tena kwa fujo. Habari ya pwani inategemea umesimama mtaa gani, na hapo ndipo ntakaa sana leo maana wauzaji wenyewe hawaligusi hilo.

Kwanza mche. Huu nimeuchukua kwa 350, futi mbili hivi, kwenye mfuko mweusi wa nailoni. Watu wakifika nasari mbio wanakwenda kwa ule wenye ua tayari, mimi nawaambia wacha ua, geuza mfuko utazame chini. Mizizi ikiwa imezunguka zunguka humo ndani imekuwa nene na imekaza basi huo mche umekaa sana dukani, rudisha, chukua mdogo wake. Halafu muulize muuzaji huu ni wa mbegu ama wa kipandikizi, maana wa mbegu utakuweka miaka kadhaa bila ua hata moja na hujui litatoka la rangi gani kamili, wa kipandikizi unafanana na mama yake na hutoa maua mapema. Kuna wa matawi yanayoning'inia, huo hupanda juu ukawa mti hasa, na kuna ule unaobaki kichaka cha kukuzidi kimo tu. Asili yao wote ni Australia, na ukoo wao ni mmoja na mkarafuu, mpera na mzambarau, hebu sugua jani hapa unuse, utaamini mwenyewe.

Sasa sogeza kamera hapa kwa ua, karibu zaidi mwanangu, hapo hapo. (Anayeshika simu ni mpwa wangu, mikono yatetemeka kidogo kwa sababu anaogopa nyuki, mtamsamehe.) Hizi nyuzi nyekundu zote mnazoziona ndizo zinazobeba chavua, mwaona kila uzi una kidoa pale nchani, na hichi mnachoita ua moja ni maua mengi yamekizunguka kijiti, kila moja lina kikombe kidogo pale chini zinapoanzia nyuzi na humo ndimo mna maji matamu. Kwa hivyo nyuki hatui juu akanywa akaenda zake, lazima azame, aingie kichwa na mwili kati ya nyuzi, akitoka amejaa unga. Njoo asubuhi jua halijawa kali ukung'ute ua juu ya kiganja, mkono utanata. Wanaokuja sana ni nyuki wa kawaida, wako na wale wadogo wasiouma, na yale madudu meusi manene yanayotoboa boriti nayo yamo, halafu ndege chozi haachi, yeye hata hana foleni.

Haya, tuje kwenye udongo. Huu mti wapenda udongo wenye uchachu kidogo, hautaki chokaa nyingi, na sisi kisiwani, Nyali, Bamburi, sehemu kubwa ya ukanda wa bahari, tumekaa juu ya matumbawe, chimba futi mbili jembe lagonga mwamba ule ule tunaojengea nyumba. Hiyo ni chokaa tupu. Kinachotokea ni kwamba madini ya chuma yamo ardhini lakini chokaa yayafunga, mizizi haiwezi kuyanyonya, basi utaona majani mapya, mapya ndio kwanza, si ya zamani, yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Tazama tawi hili la jirani yangu nimeliomba nije nalo, mwaona hiyo michoro? Watu wakiona hivyo wanamwaga maji, au wanazidisha samadi, na shida si maji wala samadi.

Mwapajua pale Haller Park, Bamburi, zamani palikuwa machimbo ya mawe ya simiti, René Haller, yule mtaalamu aliyepageuza msitu, alipoanza kupanda mwaka 1971 alijaribu miti aina 26 na iliyostahimili ilikuwa 3 tu, mvinje ukiwemo. Pale palikuwa mwamba uchi, kwako si pabaya hivyo, lakini chokaa ni hiyo hiyo.

Kwa hivyo ukiwa Changamwe, Miritini, huko ambako matumbawe yameisha, panda tu ardhini usiumize kichwa. Ukiwa juu ya mwamba una njia mbili. Ya kwanza ni pipa, lile kubwa la plastiki, toboa chini, jaza udongo mwekundu wa kutoka bara uuchanganye na majani yaliyooza, na kile kichaka kifupi kitakaa humo miaka bila kinyongo. Ya pili uchimbe shimo kubwa kuliko unavyodhani, utoe vifusi vyote vya mawe, ujaze huo udongo, na ukiona manjano uende agroveti uulize dawa ya madini ya chuma ya kupulizia majani, lakini ujue utairudia rudia maana mwamba hauondoki. Mimi naona pipa ni akili zaidi. Na maji ya kisima tahadhari, mengi ya huku yana chumvi na chokaa, ukiweza kinga ya mvua kwenye mapipa uupe hayo.

Panda masika, Aprili au Mei, ardhi imelowa, mti upate kushika kabla kaskazi na lile jua la Januari mpaka Machi. Mwaka wa kwanza umwagilie kwa kushibisha, si kurashia kila jioni kama mchicha, na ukishashika unavumilia ukame vizuri sana, hapo sina lawama nao. Ila mstari wa kwanza wa bahari kabisa, pale ambapo hata madirisha yanakula kutu, siupendekezi, pale weka mvinje yakaisha.

Kukata: ua likikauka, kata nyuma yake tu hapa, kwa sababu tawi huendelea kukua kutokea pale pale kwenye ncha ya ua, usipokata unabaki na tawi refu limevaa hivi vijipu vigumu. Hivyo ni vikasha vya mbegu, vinakaa mtini miaka vimefunga. Ukivitaka, vitie kwenye mfuko wa karatasi mahali pakavu penye joto, vitafunguka vyenyewe, mbegu ni kama vumbi usipige chafya. Usikate wakati vitumba vimeanza kutoka, hapo utakuwa umetupa maua yote na nyuki wamekosa riziki.

Mti huu naupa nyota nne kwa wenye udongo mzuri, mbili na nusu kwa wa juu ya mwamba wasiotaka kusumbuka na pipa.

Na la mwisho, kina mama mmeuliza sana, je nyuki watahamia mtini na watoto wanacheza chini? Nyuki hapa amekuja kula, nyumba yake hujenga kwenye uwazi, shimo la mti, chini ya dari, ndani ya mzinga, sio juu ya hivi vitawi. Akiwa anakula hana haja na mtu ila umshike au umkanyage, kwa hivyo usiupande mlangoni wala karibu na kamba ya nguo, upeleke kona ya uani. Ukiona siku moja wamejikusanya tawini kama fundo kubwa, hao wako safarini, waache wapumzike, watoto waingie ndani, asirushe mtu jiwe, asiwashe mtu moshi, mara nyingi hujiondokea wenyewe. Na jamani dawa ya wadudu usipulizie mti ukiwa na maua, tena mchana, utawaua wale wale uliowaita.