Baiskeli ya Gurudumu Moja: Ununue ya Inchi Ngapi ili Ujifunze?

Anayetaka kununua baiskeli ya gurudumu moja huuliza bei kwanza, ilhali swali litakaloamua kama atajifunza au ataiacha iote kutu stoo ni la inchi, yaani kipenyo cha gurudumu. Baiskeli hii, katika aina zake za kawaida, haina mnyororo wala gia. Mikono ya pedeli hufungwa moja kwa moja kwenye ekseli, hivyo mzunguko mmoja wa miguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. La inchi 20 husogea takriban mita 1.6 kwa kila mzunguko, la inchi 24 mita 1.9, la inchi 29 mita 2.3, na la inchi 36 karibu mita 2.9. Kila inchi inayoongezeka humpa mwendeshaji mwendo, lakini humpunguzia wepesi wa kulirudisha gurudumu chini ya mwili anapoanza kuanguka, na kujifunza kwenyewe ni kulirudisha huko mara elfu.

Nafasi ya kwanza, bila kusitasita, naipa ya inchi 20, kwa kijana na kwa mtu mzima, hata aliye mrefu, mradi nguzo ya siti iwe ndefu vya kutosha. Ni nyepesi, na siti yake haiko juu sana, kwa hiyo mara nyingi anayeanguka hutua kwa miguu. Humo ndimo stadi za msingi hupatikana kwa urahisi zaidi: kupanda bila kushika ukuta, kubaki mahali pamoja kwa kulipeleka gurudumu mbele na nyuma nusu mzunguko, kwenda kinyumenyume na kurukaruka. Mikono ya pedeli yenye urefu wa milimita 125 hivi inamfaa anayeanza. Mifupi zaidi hulainisha mwendo lakini hufanya kulisimamisha gurudumu kuwe kugumu. Ipo ndugu yake ya inchi 19, yenye tairi nene, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuruka ngazi na mawe. Ni imara kweli, ila tairi na tyubu yake si rahisi kuzikuta kwa fundi wa mtaani, ilhali tyubu ya inchi 20 ni ile ile ya baiskeli za watoto.

Ya inchi 24 ni ya pili. Inamfaa mwenye miguu mirefu anayetaka pia kusafiri nayo masafa mafupi, na mbio za uwanjani zina daraja lake la ukubwa huu. Kujifunzia juu yake kunawezekana, ingawa kubaki mahali pamoja huchosha mapaja mapema.

Ya inchi 16 naiweka ya tatu kwa sababu ya umri tu, kwani kwa mtoto asiyefikia pedeli za inchi 20 hata siti ikishushwa kabisa, hiyo ndiyo ya kwanza. Mtu mzima asiinunue: atazungusha miguu kama cherehani na asifike popote.

Za inchi 26 na 29 ni za njia ndefu na za milimani, zimsubiri anayejua. Ya inchi 36 ni ya mwisho, ingawa si mbaya hata kidogo: Mwingereza Ed Pratt aliizunguka dunia juu yake kati ya mwaka 2015 na 2018. Kwa mizunguko 60 kwa dakika itakupeleka zaidi kidogo ya kilomita 10 kwa saa, wakati ya inchi 20 haifikishi 6. Lakini kuipanda tu ni kazi, na kuisimamisha ghafla ni kazi nyingine.

Dukani, isimamishe kando yako: siti ikiwa usawa wa kitovu, umekaribia kimo sahihi. Nguzo ndefu hukatwa, fupi hairefushwi. Pedeli za plastiki zinatosha, tena hazichani miguu kama zile za chuma zenye meno. Kagua pia mikono ya pedeli, iliyoandikwa L (kushoto) na R (kulia), kwa kuwa pedeli ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Gurudumu likiwekwa kinyume, pedeli hujifungua zenyewe kadiri unavyoendesha, na nyuzi za mkono huliwa zisifae tena. Nati za mikono hiyo zikazwe upya baada ya siku chache za mwanzo, kwa spana, si kwa koleo.