Gari letu la mawe lilirudi kutoka kwa fundi limesimama kama meza

Duka la fundi silitaji. Wenye droni na magari ya rimoti hapa Malindi watalijua tu, maana ukikatikiwa na waya huna pengine pa kwenda. Nyota moja. Hiyo moja ina sababu yake, nitaisema nikishapoa.

Gari ni la rimoti, la kukwea mawe, moja kwa kumi ya gari la kweli, la kwenda polepole, si la mbio. Mwanangu ana miaka 12, lakini gari ni letu sote wawili. Nimelifunga mimi kwa mkono wangu, skrubu baada ya skrubu, usiku watu wakishalala. Jumapili alfajiri, maji yakiwa yametoka, tunalipeleka kwenye miamba karibu na Nguzo ya Vasco da Gama. Tunakaa sehemu kavu, kwa sababu maji ya chumvi yanakula beringi upesi.

Anayeijua miamba ile anajua kwamba ni matumbawe ya kale, matundu matupu na ncha kali. Hupati hata shubiri moja iliyo sawa. Tairi moja inapanda ukingo huku ya pili yake inatakiwa ishuke kwenye shimo. Kwa hiyo gari likiwa limesimama tu, springi zinatakiwa ziwe zimebonyea kwa uzito wake, thuluthi ya mwendo wa shoki (ile pampu ya oili iliyo ndani ya springi) au zaidi, ili tairi ibaki na nafasi ya kushuka. Isipobaki nafasi hiyo, tairi inaning'inia hewani, gari linasimama kwa miguu mitatu, halafu linapinduka. Springi zangu nilikuwa nimezilegeza mpaka kola, zile pete za kukazia springi, ziko juu kabisa. Haikuwa bahati mbaya wala kutojua. Ni kazi ya wiki kadhaa, kujaribu, kurudi nyumbani, kufungua, kujaribu tena.

Kabla tu ya mfungo waya wa mota ulikatika, na shoki moja ya nyuma ikaanza kuvuja. Nikaenda dukani na mwanangu. Nilieleza mambo mawili basi: lehemu waya huu, na shoki hii moja uibadilishie ringi za mpira, utie oili iliyo kwenye chupa hii. Chupa ilikuwa ya oili ya silikoni namba 30. Niliiweka juu ya kaunta mbele yake.

Fundi hakunitazama. Alimgeukia mtoto: "Kijana, mwambie mama haya mambo ya mafundi ayaache kwa mafundi." Nami nimesimama pale pale, umbali wa mkono! Mwanangu akainamisha kichwa akatazama sakafu. Nimelelewa kuheshimu mtu kwenye kazi yake, nikanyamaza, nikalipa shilingi 1,500, tukatoka. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Tulipolifuata siku ya tatu au ya nne, gari lilikuwa juu ya kaunta, limenyooka. Shoki zote nne amezigusa, wakati nilimwomba moja. Kola amezikaza hadi chini. Nikalibonyeza kwa kiganja, halikwenda popote. Akasema kwa fahari, "Sasa lina nguvu, halilali tena." Nikamwambia fundi, hili linatakiwa lilale kidogo, ndiyo kazi yake. Akacheka. "Mama, gari zuri ni lile lisilolala. Muulize dereva yeyote wa tuktuk."

Nataka niwe mkweli hapa: kwa tuktuk alisema kweli. Tuktuk inayobeba abiria watatu na magunia ya makaa ikitoka Barani lazima springi zake zikaze, la sivyo inakwaruza chini. Lakini hiki ni chombo cha kilo mbili na nusu hivi, hakibebi mtu, na barabara yake ni matundu. Ningemweleza hayo kama angenipa nusu dakika. Hakunipa.

Jumapili yake tukaenda mawe. Kuna ukingo mmoja mdogo pale, wa kimo cha goti la mtoto, ambao gari letu limeupanda mara zisizo na idadi. Tairi ya mbele kushoto ikapanda, ya nyuma kushoto ikabaki hewani inazunguka bure, na gari likaanguka kichalichali. Tukalirudisha, likaanguka tena. Mara ya tatu bodi ikapasuka kwenye kona ya kioo, bodi ambayo mwanangu aliipaka rangi mwenyewe. Akaliokota akasema, "Mama, hili si gari letu." Sikuwa na la kumjibu.

Usiku nikazifungua shoki. Ndani mna oili nyeusi ya injini, ile ya pikipiki! Chupa yangu alinirudishia imejaa vilevile, nami sikuitazama mpaka saa ile. Ringi zile ni za mpira wa silikoni, na oili ya injini inazivimbisha. Zilikuwa zimenenepa, zimeubana mti wa shoki, ule ufito unaoingia na kutoka, ukiusukuma unakwama katikati. Tena hewa imeachwa ndani, ukibonyeza unasikia povu. Ringi zote nane nikazitupa, nikaagiza nyingine Nairobi, zikaja na basi baada ya siku nyingi kuliko nilivyoahidiwa.

Nilizisafisha moja moja, nikatia oili yangu, nikawa nausukuma mti juu na chini taratibu mpaka viputo vikaisha, nikaziacha zimesimama usiku kucha kabla ya kufunga kifuniko. Kola nikazirudisha juu. Gari likipanda kwa kuvuta sana, nguvu ya mota hulikunja mwili ulalie upande mmoja, kwa hiyo upande ule wa nyuma nikaukaza mzunguko mmoja tu. Nikachukua mizani ya jikoni nikapima: tairi za mbele gramu 1,600, za nyuma 1,050, baada ya kuisogeza betri mbele. Hivyo ndivyo ninavyotaka, pua iwe nzito ili isinyanyuke mlimani. Tukarudi kwenye ukingo ule, likapanda mara ya kwanza. Mwanangu alipiga kelele wavuvi wakageuka.

Sasa ile nyota. Waya alioulehemu ni kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kuiona: mng'aro, haina donge, haijaungua plastiki, na haijatikisika mpaka leo. Mimi siwezi kulehemu hivyo. Mkono wa yule mtu una kipaji, na kwa hilo pekee ningempa nyota nne. Nilikaribia kuandika nne. Halafu nakumbuka mwanangu alivyotazama sakafu.

Baada ya Idi, kijana anayemshikia spana pale dukani alinisimamisha sokoni. "Shikamoo, mama. Ile oili nilimwambia si yenyewe, akasema nisimfundishe." Akaniuliza ile chupa yangu inauzwa wapi. Nikamwambia aje nyumbani, nikamwonyesha shoki ikiwa wazi, ringi iliyovimba na nzima kando yake. Alikaa saa nzima, akauliza maswali mazuri. Kwa ajili ya kijana huyu basi iwe nyota mbili. Tatu siwezi. Nimejaribu, siwezi.

Wiki hii mota ya usukani imeanza kukatakata, nadhani ni waya tena, na hapa mjini wa kuulehemu ni yule yule. Nitaenda. Lakini shoki zote nne nimeshazifungua, ziko kwenye kopo la biskuti kabatini, na gari litafika kaunta limelalia ekseli zake. Safari hii mwanangu ndiye atakayeeleza kinachotakiwa, na nimemwambia akiulizwa mama anataka nini, ajibu, "Muulize mwenyewe, huyu hapa."