La Promesse au Dirty Pretty Things: ipi inawaonyesha vyema zaidi wahamiaji wasio na hati?

La Promesse, filamu ya waongozaji ndugu wawili, Jean-Pierre na Luc Dardenne (1996), inatupeleka Ubelgiji. Dirty Pretty Things, ya mwongozaji Stephen Frears (2002), inatupeleka London.

Kwa uzito wa mgogoro wa dhamiri, La Promesse inanigusa zaidi. Amidou, kibarua kutoka Burkina Faso, anaanguka kutoka jukwaa la ujenzi wakaguzi wa kazi wanapofika, mwajiri wake anakataa kumpeleka hospitali, na Igor, mwana wa mwajiri huyo, anabaki na ahadi aliyompa mtu anayekata roho kwamba atamtunza mkewe na mtoto wake mchanga. Hata hivyo, mengi tunayaona kwa macho ya upande wa mnyonyaji.

Dirty Pretty Things inamweka mhamiaji mwenyewe katikati. Okwe, daktari Mnigeria, huendesha teksi mchana na kukesha mapokezi ya hoteli, akitafuna miraa asisinzie, mpaka usiku anapozibua choo na kukuta moyo wa binadamu. Hotelini humo figo hubadilishwa kwa pasipoti. Inatazamika kwa wepesi, ingawa msisimko wake mara nyingine huifunika dhamiri.

Mwalimu mwenye muda wa mjadala aanze na Igor. Mwenye watazamaji wasiozoea filamu za polepole aanze na Okwe.