Vidole viwili, upasuaji wa aina mbili: mwaka mmoja baadaye

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 34 huu. Mkono wangu wa kulia ulipasuliwa vidole viwili siku moja. Cha shahada kiliunganishwa mifupa kwenye kiungo kilicho jirani na ukucha, cha pete kikawekewa kiungo bandia cha silikoni pale katikati. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni, ilikuwa imelika kote kuwili, mfupa unasaga mfupa, na vinundu vimejaa hata pete haivuki.

Neno "kuunganisha" lilinikata maini. Kidole kisichokunjika kitashonaje? Nilimsihi daktari vyote aviwekee silikoni. Akaniambia nitoe sindano niibane. "Unaona, mama? Kila ukibana, hiki cha shahada kinasukumwa ubavuni. Kinataka uimara. Cha pete ndicho kinachotaka kukunjika, ushike mkasi."

Aliondoa gegedu iliyobaki, akakutanisha ncha za mifupa na kuzikaza kwa skrubu moja ambayo imebaki humo humo. Nilichomwa ganzi ya mkono tu, nilikuwa macho. Gango nililivaa wiki 8, ndipo eksirei ikaonyesha mfupa umeshikana. Yale maumivu ya kuniamsha usiku yamekwisha kabisa. Ncha ya kidole haikunjiki, basi. Vifungo nashona, uzi natunga. Ningejua, ningekifanya hiki miaka mitano nyuma.

Silikoni ina habari nyingine. Ni kipande kidogo chenye bawaba katikati na vijiti viwili vinavyoingia ndani ya mfupa, huku na huku. Hakigandi kwenye mfupa. Mwili wenyewe hujenga kovu la kukizunguka na kukishikilia. Kovu hilo likijijenga huku kidole kimelala tu, kinakakamaa. Ndiyo maana mazoezi huanza mapema, na hapo ndipo nina kinyongo na hospitali niliyotibiwa: nilitoka na miadi ya mazoezi ya wiki tatu mbele, bila mtu wa kunionyesha hata namna ya kukikunja. Mtaalamu wa mazoezi aliponiona alisikitika waziwazi. Leo kinakunjika nyuzi kama 45. Mkasi naushika, maumivu yamepungua sana, lakini ngumi haifungi.

Viungo vya silikoni vinatumika tangu miaka ya 1960, na daktari alinieleza mapema kwamba hukatika wakati mwingine, miaka ikipita. Hilo sikufichwa, namshukuru.

Wewe unayejiandaa, hakikisha tarehe ya mazoezi imeandikwa kabla hujalala mezani. Na siku ya kumwona daktari, beba kitu unachofanyia kazi. Mimi nilikuwa na sindano na mkasi kwenye mkoba. Vilipotoka tu, aliweka picha za eksirei pembeni akaanza kuutazama mkono wangu.