Kuvua straipa asubuhi: Cape Cod Canal au kayaki kwenye ghuba?

Kama uko Massachusetts na unataka asubuhi ya kutulia na straipa, yule samaki wa mistari meusi ubavuni, mi nakwambia anzia Canal, yaani Cape Cod Canal, mfereji wa maji ya bahari. Kuna njia ya lami pande zote mbili, karibu kilomita 11, unaenda na baiskeli, fimbo umeifunga nyuma, unasimama popote ukiona maji yanachemka samaki wanafukuza dagaa. Kuvulia kwenye boti humo ndani ni marufuku kwahiyo wote mko juu ya mawe, sawa kwa sawa. Ila mkondo pale una nguvu sana jamani, hasa bamvua, na unageuka kila baada ya masaa sita hivi, yaani usipoangalia ratiba ya maji utarusha chambo bure tu, na mawe yanateleza, vaa viatu vyenye meno.

Kayaki kule kwenye ghuba ya Cape Cod Bay ndo utulivu wenyewe: hakuna mtu pembeni, unamfuata samaki alipo. Lakini upepo ukibadilika unapiga kasia mpaka mabega yanalia, ukungu nao ukishuka huoni pwani, na maji ya Mei bado baridi ya hatari, life jacket uivae kabisa sio kuikalia.

Leseni unahitaji kote, na ni samaki mmoja tu kwa siku, urefu inchi 28 hadi chini ya 31, mkubwa zaidi mrudishe haraka maana hao wakubwa ndo mama wanaotaga. Mi Canal kwanza, kayaki Juni upepo ukilala.